Nafasi Muhimbili zimejaa: nisubiri, nithibitishe kwingine au nianze upya mwakani?

Swali: Shikamoo. Mimi ni binti wa Tandahimba, kwa sasa nakaa kwa mama mdogo Chuno, Mtwara mjini, kwa sababu ya mtandao. Nimemaliza kidato cha sita mchepuo wa PCB, nina Divisheni II ya pointi 10: Fizikia D, Kemia C, Baiolojia C. Siku zote nimetaka Famasia Muhimbili. Majibu ya awamu ya kwanza yametoka na akaunti yangu ya Muhimbili inasema nina sifa lakini nafasi zimejaa. Vyuo viwili vingine vimenichagua: St. John's Dodoma kwa Famasia, na Chuo Kikuu cha Sokoine (SUA) Morogoro kwa Lishe. Je, nikae kwenye orodha ya kungojea ya Muhimbili? Nimesoma mtandaoni kwamba mtu anaweza kuandika barua ya kusisitiza. Mjomba naye anasema kuna mtu Dar anaweza kuniingiza kwa laki tano. Baba ni mkulima wa korosho; mkopo nimeomba, majibu bado. Siku za kuthibitisha zinayoyoma, silali vizuri, na kila anayepiga simu anauliza nimepangiwa wapi.

Jibu: Marahaba, binti yangu. Nianze na la haraka: usiache dirisha la uthibitisho lifungwe ukiwa hujathibitisha popote. Muhimbili, mkopo na habari za mjomba vina muda wa kufikiriwa. Hili halina. Mwombaji aliyechaguliwa na chuo zaidi ya kimoja anatakiwa na Tume ya Vyuo Vikuu (TCU) achague kimoja ndani ya siku zilizotangazwa. Anayekaa kimya anahatarisha nafasi mbili alizonazo kwa ajili ya ya tatu ambayo hana.

Sasa hiyo orodha ya kungojea. Kwenye udahili wa shahada ya kwanza hapa nchini hakuna foleni ambamo jina lako limepangwa na linasogea kila anapotoka mtu wa mbele. Tangu 2017 waombaji wanaomba moja kwa moja vyuoni, na kazi inakwenda kwa awamu. Ujumbe ulioupata maana yake umevuka kigezo cha chini, ila ushindani umekuzidi. Ombi lako la awamu ya kwanza limeishia hapo. Anayeitaka Muhimbili awamu ya pili anaomba upya, na anashindana na waombaji wapya ambao awamu ya kwanza hawakuwepo kabisa, wakiwemo waliokuwa kambini JKT bila simu. Kila mwaka wapo vijana wanaoendelea kufungua akaunti asubuhi na jioni wakitarajia maneno yabadilike yenyewe, kisha awamu ya pili inapita nao hawajaomba chochote.

Nafasi za awamu ya pili hutoka sehemu mbili. Kuna programu ambazo hazikujaa tangu mwanzo, na Famasia ya Muhimbili si ya kundi hilo. Halafu kuna viti vinavyoachwa na watu waliochaguliwa vyuo viwili au vitatu kama wewe. Mtu amepata Famasia Muhimbili na Udaktari Bugando, anathibitisha Bugando, kiti chake Muhimbili kinabaki wazi. Hivyo nafasi zinaweza kupatikana. Shida ni kalenda. Mara nyingi siku za kuthibitisha awamu ya kwanza na siku za kuomba awamu ya pili zinakwenda sambamba, kwa hiyo idadi ya viti vilivyoachwa haijulikani mpaka uthibitisho ufungwe. Ukitaka kujaribu tena Muhimbili unalazimika kuachia ulichonacho kabla hujajua kama kuna cha kugombea. Na hata kikiwepo, kitagombewa na wengi waliokuwa juu yako kidogo kwa alama.

Hapa tuzungumze alama, maana watu wengi wanajilinganisha na wenzao kwa namba zisizolingana. Pointi 10 ulizoandika ni za divisheni, ambako A ni 1, C ni 3, D ni 4, na ndogo ndiyo nzuri. Udahili unatumia hesabu nyingine: A ni 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2, E ni 1, S ni 0.5, na kubwa ndiyo nzuri. Kwa hesabu hiyo una 3 ya Kemia, 3 ya Baiolojia na 2 ya Fizikia, jumla 8. Kigezo cha jumla cha kuingia shahada kwa waliomaliza kuanzia 2016 ni principo mbili, yaani masomo mawili yenye alama kati ya A na E, zenye jumla ya pointi 4, na programu za afya zina masharti makali zaidi kwa kila somo, ambayo yameandikwa kwenye mwongozo wa TCU wa mwaka husika. Nane ni matokeo mazuri. Lakini kwenye programu inayokimbiliwa na nchi nzima, mwenye B ya Kemia na C mbili ana 10, na mwenye B mbili na C ana 11. Chuo kinashuka kutoka juu mpaka viti viishe. Hapo hakuna aliyekudharau na hakuna fomu uliyoikosea.

Hii ndiyo sababu barua ya kusisitiza haitakusaidia. Ushauri uliousoma unatoka kwa watu wanaozungumzia vyuo vya Marekani. Kule chuo kinaweza kweli kumweka mwombaji kwenye orodha ya kungojea, kinamtaka aseme kama bado anataka, na barua fupi yenye matokeo mapya inasomwa na kamati inayopima insha, shughuli za nje ya darasa na mapendekezo ya walimu pamoja na alama. Hata huko, mwanafunzi mwenye busara hulipia nafasi chuo kingine kabla ya tarehe 1 Mei, siku ambayo vyuo vingi vimeizoea kuwa mwisho wa kuamua, ndipo aendelee kungojea. Kwetu mfumo unasoma namba yako ya mtihani na ufaulu wako. Ofisi ya udahili haina mahali pa kuingiza barua ya hisia, hata iwe imeandikwa vizuri namna gani. Iandikie au ipigie ofisi hiyo pale tu penye kosa la kurekebishwa: somo halikusomeka, jina limetofautiana, namba ya mtihani imekosewa tarakimu.

Kuhusu mtu wa laki tano, mjibu mjomba kwa heshima lakini bila kupepesa: hapana. Orodha ya waliochaguliwa inapita TCU, na asiyekuwemo hana udahili hata akishika barua yenye muhuri. Wanaolizwa kwa njia hii hugundua siku ya usajili, wakiwa wamebeba godoro, kwamba jina halipo kwenye mfumo. Malipo halali kwa chuo cha umma yana namba ya kumbukumbu ya malipo yenye tarakimu 12, inayotoka kwenye akaunti yako, na ukiingiza namba hiyo kwenye simu linatokea jina la taasisi. Ukiombwa kutuma pesa kwenye namba ya simu ya mtu binafsi, acha hapohapo. Na namba yako ya siri ya uthibitisho usimtajie mtu yeyote, hata akijitambulisha kuwa anapiga kutoka chuoni. Mwenye namba hiyo anaweza kukuthibitishia chuo usichokitaka.

Tuje kwenye viti viwili ulivyonavyo, kwa sababu hapa ndipo penye uamuzi wenyewe. Jiulize unachokitaka ni Famasia au ni Muhimbili. Kama ni Famasia, umeshaipata. Mfamasia wa Tanzania anasajiliwa na Baraza la Famasi chini ya Sheria ya Famasi ya 2011, na njia ni ileile kwa mhitimu wa Muhimbili, wa Bugando au wa St. John's: shahada ya miaka minne kutoka chuo kinachotambuliwa, kisha mwaka mmoja wa mafunzo kazini, kisha usajili. Atakayekuhudumia kwenye dirisha la dawa pale Hospitali ya Ligula humwulizi alisoma wapi, na mwajiri anaanza na cheti cha usajili. Maoni yangu hayana kona: mtoto anayetaka Famasia asiiachie Famasia ya Dodoma kwa ajili ya jina la chuo.

Lishe ya SUA nayo si ya kudharau. Halmashauri zina maofisa lishe, na kazi ipo hospitalini, kwenye miradi na viwandani. Ila haikupeleki kwenye ufamasia. Ukimaliza Lishe na bado unataka dawa, unaanza shahada nyingine kuanzia mwaka wa kwanza. Basi ichague kwa kuwa umesoma orodha ya masomo yake ukaona unaweza kuyapenda, au kwa kuwa hesabu ya pesa imekataa Dodoma. Usiichague kwa kujiambia utahamia Famasia baadaye.

Hesabu ya pesa ifanyeni wewe na baba kwa karatasi, msikadirie kwa mdomo. St. John's ni chuo binafsi na SUA ni cha umma, kwa hiyo ada zitatofautiana. Pakua fomu ya kujiunga au mchanganuo wa ada wa kila chuo, uandike ada ya mwaka, michango ya usajili, ada ya mitihani, bima, malazi, na kwa Famasia koti la maabara na gharama za mafunzo kwa vitendo. Kisha weka upande wa pili unachotegemea kutoka Bodi ya Mikopo. Bodi inagawa kwa kuangalia uhitaji wa familia na ina ukomo kwenye ada, hivyo mkopo unaweza kulipa sehemu tu. Mfano wa kufanyia mazoezi: ada ikiwa 3,000,000 na mkopo wa ada ukaja 1,800,000, pengo ni 1,200,000 kwa mwaka, na kwa miaka minne ni 4,800,000. Chakula na malazi kiwango kamili ni shilingi 10,000 kwa siku tangu mwaka wa masomo 2022/23, na hulipwa kwa mafungu, lile ambalo wanafunzi wanaliita bumu. Bumu la kwanza linaweza kuchelewa wiki kadhaa baada ya kufika chuoni. Ondoka Mtwara na pesa ya chakula ya mwezi mzima ambayo haitegemei mkopo.

Kwenye korosho nina neno moja kwa baba yako. Uthibitisho unaangukia wakati pesa ya kuhudumia mikorosho imeshatumika na korosho ndiyo kwanza zinaanza kudondoka. Minada ya TANECU, chama kikuu cha ushirika cha Tandahimba na Newala, kwa kawaida inaanza Oktoba, na malipo yanaingia akaunti ya mkulima baada ya mnada, si siku ya kupeleka gunia ghalani. Kwa hiyo msihesabu kilo ambazo hazijaokotwa kwa bei ya mwaka jana. Pigeni hesabu kwa bei ya chini mnayoikumbuka miaka ya karibuni. Pia kuthibitisha hakumaanishi kulipa ada siku hiyo. Ada inaanza wakati wa usajili, na vyuo vingi vinapokea kwa awamu, kwa hiyo pigia ofisi ya fedha ya chuo uulize awamu ni ngapi na ya kwanza ni kiasi gani. Mara nyingi ni jibu hilo, kuliko ada nzima, linaloonyesha kama familia inaweza. Na pesa ya awamu hiyo ya kwanza muwe mmeiona kwa macho, mkononi au benki, kabla ya kufunga safari.

Nimesema thibitisha, sasa namna. Wengi wenu mnajaziwa fomu steshenari, na hapo ndipo mambo yanapoharibikia. Kijana wa steshenari ana wateja arobaini kwenye benchi, anaweka barua pepe yake kwenye fomu zote ili kazi iende, na pengine namba yake ya simu pia. Majibu yakitoka, namba ya siri ya uthibitisho inakwenda kwake. Kama naye amebadilisha laini au amehamia Masasi, unabaki unatazama simu isiyolia.

Fanya hivi leo. Ingia akaunti yako ya St. John's na ya SUA kwa mkono wako mwenyewe, fungua sehemu ya taarifa binafsi, usome namba ya simu na barua pepe zilizoandikwa pale tarakimu kwa tarakimu. Zisipokuwa zako, zibadilishe kama mfumo unaruhusu. Kama hujui neno la siri na kiungo cha kulibadili kinakwenda kwenye barua pepe ya steshenari, mfuate kijana yule ana kwa ana, kaa naye mpaka aifungue, kisha badilisha kila kitu mbele yake. Asipopatikana, pigia ofisi ya udahili ya chuo ukiwa na namba yako ya kidato cha nne, ya kidato cha sita na majina yako kama yalivyo kwenye vyeti. Watakuuliza hizo kabla ya kukurekebishia. Namba ya siri hutumwa kwa ujumbe wa simu au barua pepe. Isipofika, ndani ya akaunti ya chuo ulichochaguliwa kuna mahali pa kuomba itumwe tena. Ukishaipata, unaiingiza kwenye akaunti ya chuo unachokitaka peke yake. Akaunti ya chuo cha pili usiiguse. Subiri mfumo ukuandikie kwamba umethibitishwa, piga picha ya skrini, toka, ingia tena uone kama hali imebaki hivyo. Usifanye haya saa tano usiku ya siku ya mwisho, kwa sababu siku hiyo mifumo huelemewa na mtandao wa Tandahimba unaujua mwenyewe. Bora ufanye hivyo ukiwa Chuno.

Jambo jingine linalokwamisha watu baadaye ni namba ya kidato cha nne. Kama uliwahi kurudia mtihani una namba mbili, na lazima ile uliyoombea udahili iwe ndiyo uliyoombea mkopo. Zikitofautiana, Bodi haioni kwamba mwanafunzi wa Dodoma na mwombaji wa mkopo ni mtu mmoja, na jina lako linakosekana kwenye orodha huku sifa unazo. Ingia OLAMS, mfumo wa Bodi wa kuombea mkopo, uangalie. Angalia pia kama cheti cha kuzaliwa kimehakikiwa na RITA na kama kuna sahihi au muhuri wa serikali ya mtaa uliokosekana. Bodi hutoa siku chache za kurekebisha maombi yenye kasoro, na anayejua mapema anazitumia.

Ikiwa baada ya yote haya moyo bado unaitaka Muhimbili, kuna milango mitatu, na kila mmoja una gharama.

Wa kwanza ni kujitoa kwenye udahili ulionao na kuomba awamu ya pili. Kujitoa kunafanyika kwenye akaunti ya chuo ulichothibitisha, na mfumo ukishakuachia, kiti kile kinaweza kuchukuliwa na mwingine siku hiyohiyo. Kabla ya kufikiria hili, tafuta tangazo la Muhimbili la awamu ya pili usome orodha ya programu zenye nafasi. Famasia isipokuwemo, mlango huu haupo. Ikiwemo, ukiwa na pointi 8, mimi nisingekushauri. Ungekuwa na 11 na uliachwa kwa sababu uliomba vibaya, ningesema mengine.

Wa pili ni uhamisho. Baada ya kusajiliwa, katika wiki za mwanzo za mwaka wa masomo, TCU huruhusu wanafunzi wa mwaka wa kwanza kuomba kuhama chuo au programu. Yanatakiwa mambo matatu: uwe na sifa za programu unayoiendea, iwe na nafasi, na vyuo viwili vikubaliane, kisha iidhinishwe kwenye mfumo wa TCU. Kwa Famasia ya Muhimbili sharti la nafasi ndilo linalowaangusha wengi. Na mkopo unahama kwa kufuata uhamisho huo, kwa hiyo kiasi kinaweza kubadilika na pesa kuchelewa. Anayejaribu aendelee kuhudhuria vipindi kule aliko mpaka awe na idhini mkononi. Wapo walioacha darasa wakisubiri jibu, jibu likaja hapana, wakakuta wamepoteza majaribio ya nusu muhula.

Wa tatu ni kuacha mwaka huu upite. Matokeo yako hayaozi, na Bodi inawaangalia waliomaliza kidato cha sita ndani ya miaka mitano. Lakini pointi 8 zitabaki 8 mwakani, na watakaokuja nawe hawajulikani. Mwaka wa kusubiri una maana kama unarudia mtihani kama mtahiniwa wa kujitegemea ili uinue Fizikia, na hapo ujue usajili wa NECTA hufungwa miezi mingi kabla ya mtihani wa Mei, mwaka ukiwa bado huu. Unahitaji pia mahali pa kufanyia mazoezi ya maabara, maana Fizikia na Kemia haziinuki kwa kusoma notisi chumbani. Kwa mtu mwenye Famasia mkononi, kulipa mwaka mzima kwa ajili ya kubadilisha jina la chuo ni bei kubwa mno.

Niwataje kidogo wanaosoma hapa na hawakupata hata kiti kimoja. Ninyi awamu ya pili ni yenu kwa asilimia mia. Ombeni programu mbalimbali, ya ushindani iwe moja tu, nyingine ziwe zile ambazo alama zenu zinazidi kigezo kwa angalau pointi mbili. Msisahau vilivyo karibu: Stella Maris Mtwara kwa wanaotaka ualimu, Taasisi ya Uhasibu (TIA) yenye kampasi Mtwara, na Chuo Kikuu Huria chenye vituo Mtwara na Lindi kwa anayetaka kusoma huku anafanya kazi. Kwa afya kuna stashahada za miaka mitatu chini ya NACTVET, baraza linalosimamia elimu ya ufundi, na mwenye stashahada ya wastani wa GPA 3.0, pamoja na ufaulu unaotakiwa wa kidato cha nne, anaweza kuingia shahada. Tangu 2023/24 Bodi inakopesha pia baadhi ya stashahada, zikiwemo za afya. Ni njia ndefu zaidi, lakini inafika, na katikati yake una taaluma ya kuajiriwa.

Sasa usingizi wako, ambao nao ni sehemu ya swali. Kukataliwa na kitu ulichokitaka tangu kidato cha pili kunauma, na si uroho wala utoto kulia kwa ajili ya chuo. Kinachoongeza maumivu ni kuishi na jambo lisilo na mwisho. Uthibitisho utakupa mwisho huo, na wengi hulala vizuri usiku wa siku waliyothibitisha hata kama si chuo cha ndoto. Mpaka hapo, fungua akaunti mara mbili kwa siku, asubuhi na jioni, kwenye meza, si kitandani. Ondoka kwa muda kwenye kundi la WhatsApp la darasa ambako kila mtu anabandika barua yake ya kuchaguliwa. Mwombe rafiki mmoja akuarifu likitokea tangazo. Wanaopiga simu kuuliza, wape jibu la ukweli na fupi: nimepata Famasia, Dodoma. Huna haja ya kuongeza "lakini". Wengi wanauliza kwa kukutakia heri, na jibu likiwa limenyooka maswali yanaisha.

Mama mdogo mweleze hali yako, si ya vyuo tu. Akijua hulali atakusaidia. Ikifika wiki mbili hulali, huli, huoni raha ya kitu chochote, au ukianza kufikiri heri usingekuwepo, usingoje majibu ya mkopo wala ya chuo: nenda naye Hospitali ya Ligula mueleze daktari hivyohivyo kwa maneno hayo. Wazo hilo la mwisho likikujia, nenda siku hiyohiyo.

Kuzungumza na baba kunahitaji utaratibu. Yeye amesikia "Muhimbili" kwa miaka, huenda ameshawaambia wenzake ghalani. Usimpigie ukiwa unalia, wala usimtume mjomba. Panda gari uende Tandahimba na karatasi mbili: moja ina mchanganuo wa Dodoma, nyingine wa SUA, kila moja ikiwa na ada, awamu ya kwanza ya malipo, na pengo linalobaki mkopo ukija nusu. Mwonyeshe kwamba Famasia ni ileile na usajili ni uleule. Kisha mwulize pengo lipi familia inaliweza kila mwaka kwa miaka minne, hata mwaka ambao korosho imepigwa na ugonjwa wa ubwiriunga. Akisema Dodoma haiwezekani, thibitisha SUA mara ukirudi Chuno, na usibebe hasira, kwa sababu mwanafunzi anayefukuzwa mtihani mwaka wa tatu kwa ada ana hasara kubwa kuliko aliyebadili programu mwanzoni. Akisema inawezekana, thibitisha Dodoma.

Ukishathibitisha, anza vitu vinavyochukua muda: fomu ya uchunguzi wa afya inayokuja na barua ya kujiunga, cheti halisi cha kuzaliwa, cheti cha kidato cha nne na karatasi ya matokeo ya kidato cha sita, namba ya NIDA, akaunti ya benki yenye jina lako kama lilivyo kwenye vyeti, na picha ndogo. Jina likitofautiana hata herufi moja kati ya cheti cha kuzaliwa na vyeti vya shule, shughulikia ukiwa bado Mtwara, kwa wakili au mahakamani, maana ukishafika Dodoma kila karatasi inayokosekana itakudai nauli ya kurudi kusini.